Kabla Hujapiga 112 au Mwano

Kijana anapita njia ya machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, Shinyanga, saa tatu usiku, kiroba cha mawe begani. Jirani anapiga 112 kwa polisi: "Njooni, kuna mwizi." Kumbe mawe yametoka kwenye duara (shimo la uchimbaji) lenye leseni, yanapelekwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Je, huyu jirani ana kosa?

Hana, ikiwa aliamini kweli alichokisema. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka anayejua uhalifu umetendeka au unapangwa atoe taarifa polisi au kwa kiongozi wa eneo lake, na kinamkinga asishtakiwe kwa taarifa hiyo.

Ni tofauti kabisa ikiwa jirani anajua fika kijana hajaiba, ila wamegombania mgawo wa mawe. Hapo anaangukia kifungu cha 122 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu: kumpa mtumishi wa umma taarifa za uongo ili atumie mamlaka yake kumsumbua mwingine. Kujificha ni vigumu, maana laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Tena, kijana akishtakiwa na akashinda kesi, anaweza kudai fidia, mradi athibitishe kwamba jirani ndiye aliyeanzisha mashtaka, bila sababu ya msingi, kwa chuki, naye akapata hasara. Chuki ndiyo ngumu kuthibitisha. Tunza meseji za vitisho na majina ya mashahidi mapema.

Kinachonitia hofu zaidi ni mwano, yowe la kuita watu. Ukipigwa, watu hutoka na marungu kabla hajapatikana wa kuuliza swali. Kanda hii vikongwe wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi jikoni. Macho mekundu hayavunji sheria yoyote. Kinga ya kifungu cha 7 ni ya taarifa iliyopelekwa polisi au kwa kiongozi. Haimfuniki anayemwita mtu mwizi au mchawi ili apigwe. Mtu akifa, mchochezi anaweza kuunganishwa kwenye kesi ya mauaji hata kama hakushika rungu. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, nao wametambuliwa kisheria tangu 1989, lakini kuhukumu si kazi yao. Wakimkamata mtu, wampeleke polisi.

Mchimbaji, tembea na nakala ya leseni. Nawe unayepiga simu, taja ulichokiona: mtu, mzigo, saa, njia aliyoshika. Neno "mwizi" liache. Mawe yametoka wapi, polisi na ofisi ya madini watauliza wenyewe.