Tulipokwama Kabla ya Kisorya

Soma: 1 Wathesalonike 5:16-18



Desemba tulitoka Bunda kwenda Ukerewe kumwona bibi, alikuwa mgonjwa. Tukikaribia Kisorya gari ikachemsha. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, na kivuko cha Rugezi tukakiona kwa mbali kikiondoka. Mama akasema, "Tusali, tumshukuru Mungu." Jamani, nilikasirika! Tushukuru nini, na bibi anatusubiri?

Mimi na baba hatukuwa tunaongea vizuri tangu matokeo yangu ya kidato cha nne. Akaniita: "Njoo ushike hapa." Mvuvi mmoja alitupatia kipande cha tyubu ya baiskeli tukafungia ule mpira, wanawe wakatuchotea maji ziwani kwa dumu. Karibu saa nzima tuliinama pale, mimi na baba.

Ekaristi maana yake ni shukrani. Yesu alishukuru usiku uleule aliotolewa, msalaba ukiwa bado mbele yake. Wala Paulo hatuambii tufurahie rejeta mbovu (mimi sikuifurahia!), anatuambia tushukuru tukiwa ndani ya hali yoyote.

Tulivuka jioni. Bibi alikuwa macho. Akauliza kwanza kama tumekula.