Uchovu wa kazi unapotufanya tuwachukie tunaowahudumia

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Mei, Bunge la Bajeti likiwa limepamba moto hapa Dodoma, mzee mmoja alikuja ofisini kwetu Mtumba kufuatilia faili lake. Alikuwa ametoka Kondoa kwa basi la alfajiri. Nilimwambia arudi wiki ijayo, na nilisema hivyo bila hata kuinua macho. Hakugomba. Alisema, "Haya mwanangu," akachukua bahasha yake akatoka. Faili lenyewe lilikuwa juu ya meza yangu, limebakiza hatua moja tu, na mimi nilijua.

Nilikwenda kuswali Adhuhuri, na katika sijida nikajiuliza nimekuwa mtu wa namna hii tangu lini. Sikuwa hivyo nilipoajiriwa.

Nimeona nilieleze jambo hili kwa sababu ninajua siko peke yangu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, lakini msukumo wenyewe ulikuja Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kuwa Serikali yote inahamia huku. Waziri Mkuu Majaliwa alihamia Septemba mwaka ule, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Sisi watumishi tukafuata kwa mafungu. Wengi tulikuja wenyewe, tukaacha wake na watoto Dar es Salaam kwa ajili ya shule na nyumba. Ijumaa jioni basi, Jumapili usiku basi, kilometa zisizopungua 450 kila upande, na Jumatatu saa moja na nusu asubuhi uko mezani. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imepunguza adha ya barabara, ingawa ninaona wenzangu wengine ndani yake wamefungua kompyuta tangu Dar mpaka huku, kana kwamba treni ni tawi la ofisi.

Wakati wa Bunge la Bajeti ndio kilele. Swali la mbunge linaingia jioni, jibu linatakiwa asubuhi. Nilipiga hesabu ya wiki moja ya mwezi ule wa Mei nikakuta nimefanya kazi zaidi ya saa 70, na hapo sijahesabu ujumbe wa simu unaoingia saa tano usiku ukianza na neno "samahani".

Wataalamu wameandika mengi kuhusu hali hii. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza katika orodha yake ya magonjwa, likafafanua kuwa yenyewe si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Wakataja alama tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu, na hii kila mtu anaijua. Ya tatu ni kuona kwamba kazi yako haina tija tena. Lakini ninaomba tutulie kwenye ile ya pili, nayo ni moyo kujitenga na kazi, mtu akawa baridi na mwenye kejeli kwa kazi yake. Hii ndiyo tunayoikosea. Tukimwona mtumishi mkavu dirishani tunasema huyu ana kiburi, huyu hana malezi. Pengine ni kweli. Lakini pengine ni mtu aliyekwisha ndani miezi sita nyuma na hakuna aliyemwambia, kwa sababu bado anafika kazini kwa wakati.

Madhara hayaishii kwenye tabia. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kuwa watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi kwa watu hao ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko kwa wanaofanya saa 35 hadi 40.

Sasa tunajitetea kwa kusema kuwa kazi ni ibada. Hapana shaka, kutafuta halali ni ibada. Lakini tukumbuke kisa cha Salmaan na Abu Dardaa (r.a.) alichokipokea Imam Bukhari. Salmaan alimtembelea nduguye akamkuta mkewe amejiachia, kwa kuwa mume hana habari na dunia, mchana funga na usiku kisimamo. Salmaan akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na usiku akamlaza kila alipotaka kuinuka, hata ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku ndipo wakaswali pamoja. Akamweleza kuwa Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani wana haki yao. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alimsadikisha Salmaan. Ndugu yangu, kile kilichowekewa mpaka pale kilikuwa ni swala na funga. Itakuwaje kwa majibu ya maswali ya Bunge?

Mimi nilidhani dawa ni kulala Jumapili. Haikusaidia, kwani wiki iliyofuata ilikuwa ile ile. Kilichosaidia ni kugeuza mpangilio wenyewe, na nilianzia kwenye swala, kwa kuwa ratiba hiyo hakuna bosi aliyeitunga. Adhuhuri na Alasiri ninatoka mezani kweli kweli, simu inabaki kwenye droo. Baada ya Isha sisomi ujumbe wa ofisi mpaka Alfajiri, na wenzangu nimewaambia: kwenye dharura ya kweli, piga. Tangu hapo nimepigiwa mara chache sana.

Kisha nikaisoma sheria, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kuajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, mapumziko ya saa 12 kati ya siku na siku, saa 24 kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kazi za dharura na baadhi ya wasimamizi wana utaratibu wao katika suala la saa. Nilikuwa na likizo ya miaka miwili sijaigusa, na nilikuwa nikijisifia.

Niliporudi kutoka likizo hiyo nilitafuta namba ya yule mzee kwenye faili. Lilikuwa limeshakamilika. "Shikamoo mzee, mimi ni yule kijana wa Mtumba, nakuomba radhi." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani siku ile ulikuwa unaumwa, mwanangu?"

Kwa bajeti iliyofuata tuliomba kikao na mkuu wetu wa idara kabla ya Aprili. Hatukuomba kazi ipungue, maana haipungui. Tuliomba zamu: watu wawili wakeshe leo, wawili kesho, na aliyekesha aingie saa nne asubuhi. Alikubali baada ya kuguna. Majibu ya wabunge yalifika kwa wakati, na Ijumaa moja katika mwezi ule ule wa Mei nilipanda kwenda Dar nikiwa macho.