Wasifu wa Mama Usiishie Wodini

Kwenye misiba mingi ya Tanzania, wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi. Kazi humwangukia mjukuu mwenye kompyuta, huku kamati ikihangaika na turubai, viti na usafiri. Ndiyo maana wasifu nyingi zinafanana: alizaliwa, alisoma hadi darasa la nne, akaolewa, akajaliwa watoto 7 na wajukuu 23, akaanza kusumbuliwa na presha, akalazwa, akahamishiwa hospitali ya rufaa, hali ikabadilika. Nusu ya karatasi ni wodini. Mwanamke aliyelea vizazi vitatu anaagwa kwa habari za wiki zake mbili za mwisho, na kwangu huko ni kumpunja.

Ugonjwa upe sentensi mbili, zinatosha. Nafasi iliyobaki ijaze maisha.

Maisha hayo utayapata jikoni. Chukua daftari, nenda walipo kina mama wanaochambua mchele na kukuna nazi, maana wengi wao walimjua marehemu kuliko wanaume waliokaa kwenye viti vya mbele. Ukiwauliza Bibi alikuwa mtu wa namna gani, watakwambia alikuwa mkarimu na mcheshi, jibu linalomfaa marehemu yeyote. Uliza hivi: alikuwa anaamka saa ngapi? Ada ya shule ilitoka wapi? Akikasirika alikuwa anafanyaje? Nani walikuwa wanamjia usiku na shida zao? Hapo ndipo utasikia kwamba alikuwa analoweka mchele jioni, anautwanga alfajiri, na kufikia saa kumi na mbili vitumbua viko kwenye beseni njiani. Kwamba mpangaji aliyerudi usiku bila kitu alikuta sahani ya ugali imefunikwa kawa mlangoni kwake, na asubuhi hakuna aliyemtajia. Andika hivyo hivyo, kama ulivyosimuliwa. Ukishaandika sahani ile, neno "mkarimu" unaweza kulifuta.

Mwaka wa kuzaliwa husumbua. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni ya kukadiria, kwa hiyo usiichukulie kama msahafu. Kama alibatizwa, daftari la ubatizo parokiani huenda likakusaidia. Kama hakuna karatasi, pima kwa matukio: Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 alikuwa ameshavunja ungo? Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya Azimio la Arusha la 1967? Wakati wa njaa ya 1974 alikuwa anaishi kijiji gani? Waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 walikuwa wadogo zake au wanawe? Majibu yakikaribiana, andika "takriban mwaka 1942". Hakuna aibu. Hata Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyeimba mbele ya umati katika nchi nyingi, alifariki Aprili 2013 bila mwaka wake wa kuzaliwa kujulikana kwa uhakika.

Orodha ya watoto ndiyo sehemu ya hatari. Kuna waliotangulia mbele ya haki wakiwa wachanga, kuna wa baba tofauti, kuna aliowalea wakamwita mama ingawa hakuwazaa. Msome orodha hiyo pamoja na wazee wa pande zote kabla haijachapwa, maana jina likiachwa na ikagundulika mbele ya jeneza, kidonda chake hakiponi kwa kuomba radhi. Mimi nawaandika wote aliowalea. Yeye mwenyewe hakuwabagua mezani.

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Mpe asome mtu ambaye sauti yake itahimili, na nyuma yake asimame mwingine mwenye nakala ya pili.

Kwa Waislamu mazishi huwa ya haraka na mara nyingi hakuna nafasi ya kusoma wasifu. Tumieni siku za matanga kukusanya, na wakati wa hitima au arobaini, ndugu wakiwa wamekusanyika tena, kila nyumba ipate nakala yake.

Jambo jingine ambalo familia nyingi huliruka: kabla ya kugawana nguo zake, fungueni kanga moja moja mnakili maneno ya kila moja. Wanawake wengi huchagua kanga kwa maneno yaliyoandikwa. Shangazi zako huenda wakakumbuka ile aliyoinunua mlipogombana na jirani, au ile aliyokubebea wewe ulipotoka kliniki. Zikishatawanyika, hamtapata tena nafasi ya kuzisoma zikiwa pamoja. Picha nazo zigeuzeni, muandike nyuma kwa penseli ni nani na ni wapi, wakati bado yupo anayewatambua. Kama alikuwa kwenye upatu au VICOBA, ombeni kuona daftari, mjue fedha zake zilijenga nini.

Na kama mama yako bado yu hai, kazi yote hii ni rahisi zaidi. Jumapili hii kaa naye anapochambua mboga, washa kinasa sauti cha simu, umwombe akutajie bibi yake aliitwa nani na alizikwa wapi.