Somo la Saba: Upatanisho wa Kisarufi wa Majina ya Viumbe

Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa Gatete, kando ya Ziwa Tanganyika, aliandika katika daftari lake: *Kiboko kikubwa kimetoka ziwani.* Mwalimu wake, mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, alipiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo. Mtoto alipouliza kosa liko wapi, alijibiwa kwamba Kiswahili ndivyo kilivyo. Siku ile hakunyosha mkono tena. Somo hili linakusudia kumwezesha mwanachuo kulijibu swali la mtoto huyo.

Kifungu cha kusoma

George Albert Boulenger alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1858. Baada ya kufanya kazi katika makumbusho ya mji huo alihamia London, akalitumikia Jumba la Makumbusho la Uingereza hadi alipostaafu mwaka 1920. Kazi yake ilikuwa kuainisha wanyama: kuwachunguza, kuwalinganisha, kisha kuwapanga katika makundi na kuwapa majina.

Mwaka 1882 alitoa orodha ya amfibia wenye mkia, yaani salamanda na jamaa zake. Salamanda hapatikani katika nchi zetu. Anayemwona kwa mara ya kwanza humdhania mjusi, kwa kuwa ana miguu minne na mkia mrefu. Hata hivyo, ngozi yake haina magamba, na jamaa yake wa karibu ni chura, si mjusi.

Boulenger alichunguza pia samaki wa Tanganyika waliokusanywa na wasafiri kama J. E. S. Moore. Mwaka 1914 alimwainisha mukeke, ambaye wavuvi wa Kigoma humwita mgebuka, akampa jina la Mbelgiji Louis Stappers, aliyekuwa amefanya uchunguzi ziwani. Alimweka katika jenasi mpya, Luciolates. Wataalamu waliofuata walimhamishia Lates, jenasi ya sangala. Kwa hiyo leo anaitwa Lates stappersii.

Katika maisha yake Boulenger alieleza zaidi ya spishi 2,000 za samaki, amfibia na reptilia. Baada ya kustaafu alijishughulisha na mawaridi. Alifariki Saint-Malo, Ufaransa, mwaka 1937.

Maelezo ya sarufi

1. *Kanuni.* Jina la mnyama, ndege, samaki au mdudu huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, hata kama kiambishi chake cha mwanzo ni cha ngeli nyingine. Linganisha:

Kitabu kikubwa kimeanguka. / Kiboko mkubwa ametoka ziwani.
Vyumba vidogo vimefungwa. / Vyura wadogo wameruka.
Miti mingi imekatwa. / Migebuka wengi wamevuliwa.

Kwa umbo, *kiboko* hufanana na *kitabu*, kama salamanda anavyofanana na mjusi. Katika upatanisho, jamaa yake ni *mtu*. Kiambishi cha jina pekee hakitoshi kuamua. Sharti tutazame pia jina lenyewe linataja nini.

2. *Chanzo cha kosa.* Katika Kirundi, kiambishi cha jina ndicho kinachoongoza upatanisho, hata kwa wanyama. Chura ni *igikere*. Chura mkubwa ni *igikere kinini*, na vyura wakubwa ni *ibikere binini*. Mtoto aliyeandika *kiboko kikubwa* hakubahatisha. Alitumia kwa usahihi kanuni ya lugha ya nyumbani mahali ambapo Kiswahili kina kanuni nyingine. Mwalimu asiyelijua hili humwona mtoto mzembe, ilhali ana mantiki.

3. *Mipaka ya kanuni.* Kwanza, jina likiwekwa katika hali ya udogo au ukubwa, laweza kufuata kiambishi chake kipya: *Mbwa yule anabweka*, lakini *Kijibwa kile kinabweka*. Izingatiwe kuwa *ki-* ya *kiboko* si ya udogo. Pili, majina kama *dada*, *ndugu* na *rafiki* huchukua vimilikishi vya ngeli ya I-ZI, huku kitenzi kikibaki katika A-WA: *Dada yangu amefika, ndugu zangu wamefika.* Kwa wanyama husemwa *mbuzi wangu amepotea*.

Mwongozo kwa mwalimu

Usianze kwa kutaja kanuni. Andika ubaoni *kitabu*, *kiboko*, *kiti* na *kifaru*, kisha uwaombe wanafunzi wayapange majina hayo katika makundi mawili na kutoa sababu. Wakishatenga viumbe na vitu, waongezee vitenzi. Mwanafunzi akikosea, mwombe kwanza aseme sentensi yake kwa Kirundi, ili darasa zima lione tofauti ilipo. Ndipo umsahihishe.

Zoezi

1. Sahihisha na ueleze sababu: (a) Kipepeo kizuri kimetua juu ya ua. (b) Migebuka mikubwa imeuzwa Rumonge. (c) Rafiki wangu amekwenda kuvua.
2. Andika katika wingi: (a) Chura huyu ameingia nyumbani. (b) Kifaranga mdogo amepotea.
3. Toa sentensi mbili za Kirundi zenye majina ya wanyama, uzifasiri kwa Kiswahili, kisha ulinganishe upatanisho wake.
4. Kwa maneno yasiyozidi 60, andika jibu ambalo ungempa mwanafunzi wa Gatete alipouliza kosa lake liko wapi. Usitumie neno *ngeli*.