Sauti Inayofungulia Dawa Mlango wa Ubongo

Mtu akichomwa sindano, dawa inakwenda pamoja na damu mpaka ini, mafigo na miguu. Lakini ubongo hauipokei hivi hivi. Ukuta wa mishipa yake midogo una chembe zilizobanana sana. Ni mlinzi mwema, maana unazuia sumu; lakini unazuia dawa nyingi vile vile.

Sisi wa Congo tunaujua ukuta huo kwa sababu ya ugonjwa wa usingizi. Wadudu wake wakiwa katika damu tu, pentamidini inawaua. Wakiisha kuingia ubongo, haiwafikii vya kutosha. Miaka mingi waganga walitumia melarsoproli, dawa yenye arseniki, nayo iliua wagonjwa karibu 5 katika 100. Leo tuna vidonge vya feksinidazoli, vinavyopita ukuta. Lakini kwa kansa ya ubongo dawa nyingi bado zinakomea mlangoni.

Sasa angalieni njia nyingine. Mganga anatia katika mshipa wa mkono vipovu vya gazi, kila kimoja na ngozi nyembamba ya mafuta. Ni vidogo kama chembe nyekundu za damu, kwa hiyo haviizibi mishipa. (Wauguzi, msijaribu ninyi! Hewa ya bomba la sindano ni povu kubwa, inaweza kuua.) Halafu sauti isiyosikika na masikio inaelekezwa mahali pamoja pa ubongo. Hapo vipovu vinavimba na kunywea mara maelfu mengi kwa sekunde moja, vinasukuma ukuta, chembe zinaachana kidogo, dawa inapita. Siku ya pili ukuta umejifunga tena. Sauti ikizidi nguvu, mshipa unapasuka; ndiyo sababu wanaipima sana.

Mwaka 2001 Kullervo Hynynen na wenzake walionyesha jambo hilo kwa sungura. Mwaka 2015, Toronto, Canada, mtu mwenye uvimbe wa ubongo alifunguliwa ukuta hivyo pasipo kupasuliwa kichwa. Kazi hiyo ingali ya majaribio. Anayeiuza sokoni ni mwongo.

Na mama mwenye mimba asiogope ekografi. Ni sauti pia, lakini ni ya kutazama mtoto tu, wala haina vipovu.

Maulizo: Kwa nini pentamidini haiponyi ugonjwa ulioingia ubongo? Vipovu vinafanya nini vikifikiwa na sauti?