Kanuni ya Pascal: Kutoa Beringi Iliyokwama

Kanuni: Kanieneo inayowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote.

Mfano: Lori la mbao limeingia gereji mjini Ilula, wilayani Kilolo, libadilishwe klachi. Fundi ameshusha giaboksi. Katikati ya flaiwili ipo beringi ndogo inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Beringi imekwama kwa kutu, na nyuma yake hapapitiki kifaa. Ataitoaje?

Hatua
1. Jaza grisi kwenye tundu hadi nafasi iliyo nyuma ya beringi ijae. Usiache hewa, kwani hewa hushindilika.
2. Ingiza kipande cha chuma cha mviringo kinachoenea vizuri kwenye tundu la beringi.
3. Vaa miwani ya kinga, kisha gonga chuma kwa nyundo.
4. Chuma kikizama, kitoe, ongeza grisi, gonga tena.

Grisi ni nzito, lakini ikibanwa hutiririka. Ukigonga kuelekea ndani, grisi husukuma mgongo wa beringi kuelekea nje.

Swali
Tundu la beringi lina kipenyo cha 15 mm. Kipenyo cha nje ni 35 mm. Chuma kinasukuma grisi kwa kani ya 2000 N. Tafuta:
(a) kani inayosukuma beringi;
(b) umbali ambao beringi itasogea chuma kikizama 4 mm.
Puuza uvujaji.

Jibu
(a) Grisi husukuma eneo la pete tu, si la tundu. Kwa kuwa π/4 imo katika maeneo yote mawili, inafutika:
Uwiano = (35² − 15²) ÷ 15² = 1000 ÷ 225 = 4.44
Kani = 2000 × 1000 ÷ 225 = 8889 N (takriban).
(b) Ujazo wa grisi haubadiliki:
Umbali = 4 × 225 ÷ 1000 = 0.9 mm.

Angalia: kani imeongezeka zaidi ya mara nne, lakini umbali umepungua kwa kiasi hicho hicho. Kazi haikuongezeka. Ndiyo maana fundi huongeza grisi mara kwa mara.

Kosa la kuepuka: Usitumie 35² peke yake. Ukisahau kutoa eneo la tundu, utapata 10,889 N, na jibu hilo si sahihi.

Jipime: Kwa nini chuma kinacholegea kwenye tundu hakifai? Eleza kwa kutumia neno kanieneo.