Leseni ya Mshirika Si Bidhaa ya Kuuza

Vijana wengi katika kaunti yetu wamefungua maduka ya kuuza na kutengeneza kompyuta, na baadhi yao wamejisajili na AGPO, mpango unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Zabuni za kompyuta mara nyingi huja pamoja na programu. Ofisi inataka kompyuta kumi, na kila moja iwe na programu ya kuandikia barua, ya hesabu na ya barua pepe. Wengi wa wanaoomba kazi hizi wanaielewa kompyuta kuliko wanavyoielewa leseni, na hasara huanzia hapo.

Anayelipia programu hainunui programu yenyewe. Ananunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina mipaka: nani aitumie, kwenye mashine ngapi, kwa muda gani na kwa kazi gani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine, na msimamizi wake ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Kuuza nakala isiyo halali, au kuwa nayo kwa ajili ya biashara, ni kosa la jinai.

Tuchukue mfano wa Microsoft, kwa kuwa programu zake ndizo zinazotumika zaidi katika shule na ofisi zetu. Kampuni hii ina mpango wa washirika, yaani wafanyabiashara wanaouza huduma zake. Mshirika akilipa ada ya mwaka hupata kitita cha leseni kwa bei nafuu sana. Kwa miaka mingi kitita maarufu kiliitwa Action Pack. Kilisitishwa Januari 2025 na nafasi yake kuchukuliwa na vitita vitatu, kikiwemo Partner Launch Benefits cha dola 345 kwa mwaka na Partner Success Core Benefits cha dola 895.

Bei hiyo ndiyo mtego. Mwenye duka anahesabu leseni zilizomo, analinganisha na bei ya kawaida, kisha anaona faida: ampe mteja mmoja tano, mwingine tano, na ada yake irudi. Haruhusiwi. Leseni hizo ni za matumizi ya ndani ya biashara ya mshirika. Wafanyakazi wake wanaweza kufanyia kazi zao za ofisi, kujifunza, kujaribu mifumo na kumwonyesha mteja jinsi programu inavyofanya kazi. Kuziuza, kuzikodisha au hata kumpa mteja bure ni kuvunja mkataba. Na mshirika asipolipa ada ya mwaka unaofuata, haki ya kuzitumia inakoma kwake na kwa yeyote aliyempa.

Anayeumia zaidi ni mteja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tuseme shule imeuziwa leseni za aina hiyo. Barua pepe za walimu, alama za wanafunzi na rekodi za karo zitakuwa ndani ya akaunti ya mwenye duka. Yeye ndiye msimamizi wake, na anaweza kuzifungua au kuzifunga. Duka likifungwa, shule itashindwa kuingia, na baada ya muda data itafutwa. Wakati huo huo, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitaka shule iwajibike kwa taarifa za wanafunzi wake, hata kama zimekaa mahali ambapo haina funguo.

Njia halali ya kuuza ipo, nayo inaitwa Cloud Solution Provider, au CSP. Muuzaji mdogo hujiunga na msambazaji mkubwa na kununua kupitia kwake. Mteja hufunguliwa akaunti yake mwenyewe, hukubali mkataba wa Microsoft, na muuzaji huthibitisha kwamba mteja amekubali. Leseni moja ya mtumiaji ya Microsoft 365 Business Premium humruhusu mtu mmoja kuweka programu kwenye kompyuta tano, tableti tano na simu tano. Ni za mtu mmoja, si za walimu watano wenye nywila moja.

Hapa muuzaji awe mwangalifu na tarehe. Mteja akichagua mkataba wa mwaka, muuzaji ana siku saba tu za kuufuta au kupunguza idadi ya leseni. Zikipita, anaweza kuongeza leseni lakini hawezi kupunguza hadi mwaka uishe. Mkataba wa mwezi mmoja mmoja bei yake iko juu kwa takriban asilimia 20, ila hamfungi mtu kwa mwaka mzima. Muuzaji ndiye anayedaiwa na msambazaji, mteja awe amelipa au hajalipa. Kwa anayeuzia ofisi za umma, ambako malipo hupitia hatua kadhaa kabla ya kumfikia, tofauti hiyo ya asilimia 20 inaweza kuwa nafuu kuliko deni la mwaka mzima.

Mnunuzi naye aombe mambo mawili kabla ya kulipa: jina la msimamizi mkuu wa akaunti liwe la mtu wa taasisi yake, na aonyeshwe leseni zake katika ukurasa wa malipo wa akaunti hiyo. Muuzaji wa halali huonyesha mara moja. Anayesema "niachie mimi, nitakusimamia kila kitu" aulizwe tena.

Taasisi ambayo bajeti haitoshi inaweza kutumia LibreOffice, ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia bila malipo, hata kwa biashara, na kuigawa kwa wengine. Fundi anayeiweka anaweza kulipisha kazi yake ya kuiweka na kufundisha watumiaji.